Bomba la inchi 3 bila sailensa kwenye Land Cruiser ya zamani: lina faida gani?

Swali la msomaji wa Dodoma: Nina Land Cruiser pikapu HZJ75 ya mwaka 1996, injini 1HZ isiyo na turbo. Naitumia kubeba mahindi na alizeti kutoka vijiji vya Chemba kuja mjini. Bomba la moshi limeoza na sailensa imetoboka. Fundi ananishauri tutupe sailensa, tuweke bomba la inchi 3 lililonyooka hadi nyuma, eti gari litapata nguvu na litakula mafuta kidogo. Nifuate ushauri wake? Na kama nabadilisha, ninunue vitu gani?

Jibu:

Ndugu msomaji, fundi wako amepatia nusu. Bomba lililooza ni la kubadilisha, na ukiongeza kipenyo kidogo injini itapumua vizuri zaidi. Lakini inchi 3 ni kubwa mno kwa 1HZ isiyo na turbo, na kutupa sailensa hakutakupa nguvu utakayoihisi ukiwa na magunia nyuma. Weka bomba la inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5 kwa nje, pamoja na sailensa ambayo moshi unapita katikati yake bila kuzungushwa. Pesa itakayobaki ipeleke kwenye kipande cha kunyumbulika, flenji (bamba za kuunganishia mabomba kwa bolti) na mipira ya kuning'inizia. Mabomba ya kuchomelea huku kwetu hayaharibiki kwa sababu ya kipenyo, yanakatika kwa sababu ya namna yalivyofungwa.

Tuanze na hiyo nguvu, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwako. 1HZ ina silinda sita na ujazo wa sisi (cc) 4,164, na inajivutia hewa yenyewe. Haina turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 10 hadi 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya namna hii inapoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho hicho, na hakuna bomba la moshi linaloweza kuirudisha. Pampu ya dizeli ikiwa imepimwa kwa hewa ya pwani, huku juu inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na unaona moshi mweusi kila ukikanyaga mafuta kwenye mlima. Watu wengi wanausoma moshi huo kama dalili ya bomba kuziba. Mara nyingi ni mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua upande wa kuingilia.

Kwa hiyo kabla hujakata kitu, fungua boksi la filta ya hewa. Kwa vumbi la njia unazopita, filta inaweza kuziba mapema sana kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Kagua na mpira mnene unaotoka kwenye boksi kwenda manifoldi ya hewa (chombo kinachogawa hewa kwenye silinda): ukiwa umelainika, unajikunja kwa ndani injini ikivuta kwa nguvu, na ukiizima unarudi umbo lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha nozeli za kunyunyizia dizeli zipimwe kwenye mashine, na upenyo wa valvu uangaliwe injini ikiwa ya baridi. Za hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, za moshi kati ya 0.35 na 0.45. Mambo haya yakiwa mabovu, hata ukiweka bomba la inchi 4 hutaona tofauti.

Kama unataka uhakika kwamba bomba la sasa linabana, pima. Toboa tundu kwenye bomba la mbele, sentimita 30 hivi baada ya flenji ya manifoldi ya moshi (ile inayokusanya moshi wa silinda zote), na uchomelee nati juu yake. Funga kijibomba cha shaba chenye urefu wa mita moja au zaidi, kilichozungushwa ili kipoe njiani, halafu mwishoni weka geji ya presha ndogo. Pandisha mlima gari likiwa na mzigo, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Geji ikipita kilopaskali 10, kama psi moja na nusu, mfumo umebana kweli. Ikibaki chini sana ya hapo, tatizo la nguvu liko kwingine. Ukimaliza kupima, ziba nati kwa bolti.

Sasa kipenyo. Ukitoka inchi 2 kwenda mbili na nusu, nafasi ya kupita moshi inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukienda inchi 3 inakuwa zaidi ya mara mbili. Injini hii ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inavuta kama mita za ujazo 8 tu za hewa, na wewe mwenye mzigo unaendesha muda mwingi kati ya 1,500 na 2,800. Inchi mbili na nusu inatosha na kubaki. Ile ya 3 inakuletea uzito zaidi, inagombea nafasi na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na chesisi, na mlio wake ni mzito kichwani. Kuna mafundi wanaosema injini lazima ibanwe kidogo nyuma ili ivute. Hiyo si kweli, injini kama hii haifaidiki kwa kubanwa. Ukweli ni kwamba baada ya kizuizi kuondoka, kuongeza upana zaidi hakuongezi kitu. Tarajia nguvu za farasi chache tu, na utazisikia mzunguko ukishapanda. Matumizi ya mafuta usiyahesabu kabisa kwenye faida.

Kuhusu sailensa, usiitupe. 1HZ inatoa mapigo matatu ya moshi kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Ukienda kwa mzunguko 2,000 hayo ni mapigo 100 kwa sekunde, mlio mzito unaogonga kabati la pikapu kuanzia Chemba hadi mjini. Trafiki naye ataanza kukusikia kabla hajakuona. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni moto: bomba tupu linaweza kutupa vipande vya masizi vyenye cheche, na kati ya Juni na Oktoba nyasi za pembeni mwa njia zetu ni kavu kabisa. Sailensa ya kuchukua ni ile yenye bomba la ndani lililotobolewa matundu, limezungukwa na sufi ya kioo au ya chuma. Ukitazama upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Midomo yake iwe ya milimita 63.5, urefu wa tumbo usipungue sentimita 45. Zile za vyumba zinazotumika kwenye magari madogo ya petroli ziache, zinabana.

Manifoldi ya moshi, ile ya chuma cha kumimina, iache mahali pake. Zipo manifoldi za mabomba sita yaliyounganishwa, zinauzwa kwa bei kubwa na maneno mazuri. Kwa injini isiyo na turbo faida yake ni ndogo, na kwa mtikisiko wa barabara za vumbi zinapasuka kwenye viungo. Ulichonacho kinaweza kudumu kuliko gari lenyewe. Kikague tu: kama kuna alama nyeusi za masizi zimechirizika kwenye kichwa cha injini, gasketi inavuja. Ukiifungua, weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa manifoldi na ujaribu kupitisha fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya nusu milimita. Ikipita, ipeleke kwa mwenye mashine isawazishwe kabla hujafunga gasketi mpya. Ukifunga ilivyo, stadi za pembeni (bolti zisizo na kichwa zinazoshika manifoldi) ndizo zitakazokatika.

Stadi hizo ndizo zitakazokula siku yako, kwa hiyo ziandae mapema. Jioni ya kabla zipulizie mafuta ya kupenyeza, na asubuhi tena injini ikiwa na joto kidogo. Ukianza kufungua, kaza kwanza kidogo, kama robo ya robo mzunguko, kisha legeza. Nati ikigoma, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe kiasi, ujaribu tena. Usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Stadi ikikatika na kuacha kisiki, chomelea nati juu ya kisiki hicho, na joto la kuchomelea lenyewe litasaidia kuilegeza. Kutoboa kwa drili ni njia ya mwisho, maana ikikosa katikati inaharibu nyuzi za kichwa cha injini. Unaporudisha, tumia stadi mpya na nati za shaba, zisizoshikana na chuma kwa kutu, na ukaze kuanzia katikati ukielekea pembeni, kwa awamu mbili au tatu.

Vitu vya kununua ni hivi. Bomba la chuma cha kawaida, milimita 63.5 kwa nje, unene milimita 2, urefu mita 6: moja linatosha, na kipande kitabaki. Kona za nyuzi 90 tatu na za nyuzi 45 nne, zilizokunjwa kwa mashine bila kubonyea kwa ndani. Kipande kimoja cha kunyumbulika chenye nyavu za chuma ndani na nje, urefu sentimita 15 hadi 20. Sailensa moja. Flenji jozi mbili za bamba la milimita 10, gasketi zake, na bolti ngumu za M10. Nondo ya milimita 10, mita moja na nusu, kwa ajili ya ndoano. Mipira ya kuning'inizia sita. Nunua ile minene yenye matundu mawili, usinunue vipande vilivyokatwa kwenye tairi.

Hapo kwenye bomba kuna mitego miwili. Bomba la fenicha ni jembamba, milimita 1.2 au pungufu, na likipata joto na mtikisiko linapasuka pembeni mwa weldi. Bomba la maji nalo lina balaa lake. Linaloitwa inchi mbili na nusu dukani lina karibu milimita 76 kwa nje, kwa hiyo halitaingia kwenye sailensa yako, na mita moja inapita kilo 6 wakati ile unayohitaji ni kama kilo 3. Tena mengi yamepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, ukiichomelea inatoa moshi mweupe unaomwacha fundi na homa na kifua kinachobana usiku huo. Liache kwenye maji.

Kuhusu chuma kisichoshika kutu, kwa Dodoma ni hiari. Hatuna chumvi ya bahari kama Tanga au Dar, kwa hiyo bomba la kawaida huku linaoza kutokea ndani, kwa maji yanayotokana na mwako wenyewe, hasa kama safari zako ni fupi na bomba halipati joto la kukauka. Dawa yake ni rahisi. Toboa tundu la milimita 3 kwenye sehemu ya chini kabisa ya sailensa, maji yatoke. Bomba lipake rangi ya kuhimili joto. Usilizungushie kitambaa cha kuzuia joto, kinashika unyevu na kuozesha chuma. Na kamba au karatasi kuukuu za asbesto usiziguse hata ukipewa bure.

Sasa njia na ufungaji, ambako ndiko ningekuomba usimame na fundi wako pale pale gereji. Injini inacheza kwenye mipira yake, chesisi haichezi. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla na gari likiwa na gia ya kwanza, injini inajipinda kando, na mtu aliyesimama pembeni boneti likiwa wazi anaona kabisa. Bomba lililofungwa kwa ukavu kutoka manifoldi hadi chesisi linabeba mvutano huo wote, na litakatika ama kwenye flenji ama kwenye weldi ya kwanza. Kwa hiyo sehemu ya mbele ishikwe na kishikizo kilichofungwa kwenye gia boksi, ili icheze pamoja na injini. Baada ya kishikizo hicho ndipo kipande cha kunyumbulika kiingie, kikiwa kimenyooka na kimelala. Kisikunjwe kufidia kona iliyokosewa na kisibebe uzito. Kuanzia hapo kwenda nyuma, kila kitu kining'inie kwenye chesisi kwa mipira.

Chuma kinarefuka kikipata moto. Mita 3 za bomba, zikipanda nyuzi 300 kwa wastani, zinaongezeka karibu sentimita moja. Sentimita hiyo lazima ipate pa kwenda, na ndiyo sababu ndoano zinawekwa zikielekea mbele na nyuma, sambamba na bomba, mpira uteleze juu yake. Fundi akichomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi kwa kipande cha nondo, utasikia limekatika mwezi huo huo, na atakuambia chuma kilikuwa kibaya. Weka mpira mmoja mbele na mmoja nyuma ya sailensa, hiyo ndiyo nzito, na iliyobaki uigawe kwa umbali usiozidi mita moja.

Fuata njia ya bomba la zamani. Toyota walishapima nafasi. Acha angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye chesisi na bodi, na sentimita 10 au zaidi kutoka mipira ya breki, mabomba ya dizeli, nyaya na tangi. Pasipopatikana nafasi hiyo, weka bamba jembamba la chuma katikati lenye uwazi wa hewa pande zote mbili. Na usipime gari likiwa limesimama tupu kwenye sakafu. Inua jeki chini ya chesisi mpaka ekseli ya nyuma ining'inie, angalia. Kisha ishushe, pakia magunia mpaka springi zilale, angalia tena. Bomba linalopita juu ya ekseli linaweza kuonekana lina nafasi tele asubuhi gereji, likagongwa na ekseli hiyo kwenye korongo la kwanza.

Mwisho wa bomba upite ukingo wa bodi na uelekee pembeni. Ukiishia chini ya bodi, moshi unarudi ndani kupitia matundu ya sakafu na kwa abiria waliokaa nyuma. Ukielekea chini moja kwa moja unatimua vumbi na kuchoma nyasi. Sehemu ya chini ya sailensa isishuke kuliko kitako cha chesisi. Kwenye mbuga za udongo mweusi kama za Bahi, sailensa inayoning'inia inashika matope, yanakauka, na mara ya pili inavutwa ikatoka na mipira yake.

Kuchomelea: vipande vyote vishikizwe kwa nukta tatu au nne gari likiwa juu, kisha vitolewe, vikamilishwe mezani. Weldi ya juu ya bomba, inayotazamana na sakafu ya gari, haifikiki ukiwa chini ya gari, na ndiyo inayovuja. Kwa welding ya kawaida tumia fimbo ya milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 75. Moto mkali zaidi unatoboa. Unaposhikiza kwenye gari, toa waya hasi wa betri, zote mbili kama ziko mbili, ili kulinda alteneta. Klampu ya ethi (ya kurudishia umeme wa welding) ishike bomba lenyewe karibu na unapochomelea, isipite kwenye propela au magurudumu, umeme utakula beringi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na tangi lifunikwe kwa bamba.

Gundi nyekundu ya mirija isitumike kwenye flenji za mbele. Huko joto linaipita uwezo, ikiungua inaacha upenyo. Kuhusu kopo la soda lililokatwa na kufungwa kwa waya juu ya tundu, hilo ni la kukufikisha nyumbani tu.

Ukishafunga, washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku mwingine akisikiliza kila kiungo. Panapovuja panalia kama nyoka. Maji ya sabuni yatakuonyesha mahali penyewe. Kaza tena nati zote baada ya kilomita 100 na baada ya 500, gari likiwa limepoa, maana gasketi mpya inakaa ikipata moto. Katika mzunguko huo wa pili angalia mipira: ukiona mmoja umevutika kuliko mingine, ndoano yake imewekwa vibaya, na ni kazi ya nusu saa kuihamisha kabla haijakata bomba.

Bomba la inchi 3 lina mahali pake, na mahali hapo ni baada ya turbo. Kama una mpango huo miaka ijayo, bado usiliweke leo, kwa sababu kipande cha kutoka kwenye turbo kitabadilisha njia yote ya mbele na utalipia kazi mara mbili. Tena 1HZ ina mgandamizo unaozidi 22 kwa 1, haikuundwa kusukumiwa hewa, kwa hiyo siku hiyo kifaa cha kwanza kununua kitakuwa geji ya joto la moshi.